Kivuli, Bamvua na Setilaiti: Darasa la Anga la Kibiti na Delta ya Rufiji

Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Maficho yalikuwa mazuri. Mikoko ya delta ni mirefu na imeshonana, mito inagawanyika na kukutana tena, na mgeni anayeingia bila mwenyeji wa kumwongoza huishia kukwama kwenye tope maji yanapotoka. Waingereza walijua meli imo humo. Hawakujua imelala mto gani.

Aliyeipata aliitafutia juu. Novemba 1914 rubani Dennis Cutler aliruka na ndege ya majini kutoka kisiwa cha Niororo, jirani na Mafia, akaiona Königsberg katikati ya mikoko. Mwezi uliofuata ndege yake ilianguka naye akatekwa, lakini siri ilikwisha kufichuka. Julai 1915 ndege zilizotokea Mafia zilizunguka juu ya delta, zikiwajulisha kwa redio wapiga mizinga wa meli za Severn na Mersey makombora yao yanaangukia wapi. Tarehe 11 ya mwezi huo Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe.

Tangu wakati huo delta imeendelea kutazamwa kutoka juu, na kila kizazi mtazamaji amepanda zaidi. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani Julai 1972. Leo Landsat 8 na Landsat 9 hupita kwenye kimo cha kilomita 705. Kila moja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16, na kwa kupishana kwao delta hupigwa picha kila baada ya siku 8. Sentinel-2 za Ulaya ziko juu zaidi, kilomita 786, na zikiwa mbili hurudi kila baada ya siku 5. Picha za Landsat zilikuwa zikiuzwa kwa miaka mingi hadi zilipofunguliwa kwa wote mwaka 2008. Za Sentinel ni bure vilevile. Mwanafunzi wa Nyamisati mwenye simu na bando dogo anaweza kuiona delta yake, mto kwa mto, kwa namna ambayo majemadari wa mwaka 1915 hawakuwahi kuiota.

Hapo ndipo mazungumzo kuhusu sayansi ya anga yanapostahili kuanzia, hasa kwa shule za Kibiti. Neno hilo likitajwa, wengi huwaza roketi, wanaanga na nchi za mbali, na mwalimu wa sekondari ya kata huona halimhusu. Lakini setilaiti nyingi hazitazami nyota. Zinatazama chini, ardhini na baharini, na katika pwani yote ya Afrika Mashariki ni sehemu chache zenye mambo ya kutazama kama delta ya Rufiji. Hapa pana msitu wa mikoko unaokadiriwa kuwa na hekta 53,000, mkubwa kuliko msitu mwingine wowote wa mikoko ukandani. Pana mto unaobeba tope kutoka nyanda za juu na kulimwaga mkabala wa Mafia. Pana mashamba ya mpunga, vijiji vinavyofikiwa kwa mtumbwi, na mstari wa pwani unaobadilika kila masika. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Sehemu kubwa ya delta sasa iko Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Mji wenyewe upo kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, mwendo wa saa chache kutoka Dar es Salaam. Ukitoka hapo kuelekea Nyamisati, kisha ukapanda boti kwenda vijiji vya visiwani, unaziacha nyuma taa za mji na unaingia katika darasa lenye giza zuri la usiku.

Twende kwanza kwenye picha. Picha ya setilaiti imefumwa kwa vipande vidogo vya mraba, kama ukili wa mkeka, na kila kipande huitwa pikseli. Kwenye Landsat, pikseli moja ni mita 30 kwa 30. Kwenye Sentinel-2, kwa rangi zilizo muhimu zaidi, ni mita 10 kwa 10. Hesabu ya darasani inaanzia hapo. Eka moja ni mita za mraba 4,047; kwa hiyo shamba la mpunga la eka moja huchukua pikseli nne na nusu za Landsat, au pikseli 40 hivi za Sentinel-2. Mwanafunzi akishalielewa hili, anajua mwenyewe kwa nini mkoko mmoja uliokatwa hauonekani lakini ufyekaji wa eka tano unaonekana wazi.

Kamera hizo pia huona mwanga ambao jicho la binadamu halina uwezo wa kuuona. Majani mabichi huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi ulio jirani kabisa na wekundu, na maji huumeza karibu wote. Picha ikipangwa ili mwanga huo uonyeshwe kwa rangi nyekundu, mikoko hutokea kama zulia jekundu lililokolea, mito huwa myeusi, mpunga hubadilika rangi kwa msimu, na nyanda za chumvi hung'aa kwa weupe. Kwa njia hii wataalamu wamekuwa wakifuatilia kwa miongo kadhaa jinsi mikoko ya kaskazini mwa delta ilivyofyekwa kupisha mashamba ya mpunga, na sehemu nyingine ilivyochipua upya. Wakulima wana sababu zao: ardhi yenye maji baridi na tope jipya ni adimu. Wakala wa Huduma za Misitu nao una sheria yake, kwa kuwa mikoko yote ya nchi ni hifadhi. Mwanafunzi anayeweza kupanga picha ya mwaka 1990 na ya juzi kwenye meza moja anaingia katika mjadala huo akiwa na ushahidi mkononi.

Sasa kuna jambo ambalo mtoto wa delta analijua kuliko mtaalamu aliyeketi Ulaya. Sentinel-2 hupita juu ya pwani hii wakati uleule wa jua kila mara, kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Bahari nayo ina ratiba yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mvuto wa mwezi na wa jua huungana, na siku moja au mbili baadaye linakuja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukingamana na yanakuja maji mafu. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa katikati ya asubuhi. Kila mama anayekwenda kuchokoa pweza anaijua saa hiyo.

Weka mambo haya mawili pamoja. Picha ya Sentinel iliyopigwa siku za bamvua itakuta maji yametoka, mchanga na tope viko wazi, na mipaka ya mikoko inaonekana hadi miguuni. Iliyopigwa siku za maji mafu, saa ileile ya asubuhi, itakuta maji yako juu kiasi na fungu zima la mchanga limezama. Ndani kabisa ya mito bamvua huchelewa kidogo kuliko baharini, lakini mpangilio ni huohuo. Mtu asiyelijua hili anaweza kulinganisha picha mbili na kutangaza kwamba pwani imeliwa na bahari, kumbe amelinganisha bamvua na maji mafu. Mwanafunzi wa delta atauliza kwanza: siku hiyo mwezi ulikuwa na umri gani? Hilo ni swali la kisayansi la daraja la juu, na jibu lake amelirithi nyumbani.

Mwaka 2024 uliwafundisha wakazi wa Rufiji na Kibiti thamani ya macho haya kwa njia chungu. Aprili mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya zote mbili. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, jambo geni kwa pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema, vyombo vya baharini vikasimamishwa, na tarehe 4 Mei kimbunga kikaishiwa nguvu baada ya kufika Mafia. Tahadhari za namna hiyo hutegemea sana setilaiti kama Meteosat, inayokaa kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Katika kimo hicho mwendo wake unalingana na mzunguko wa dunia, kwa hiyo haiondoki juu ya Afrika, na hutuma picha mpya ya bara zima kila baada ya dakika 15 au pungufu.

Mafuriko yana tatizo jingine: yanakuja na mawingu, na kamera ya kawaida haioni kitu. Setilaiti za rada, kama Sentinel-1, hutuma mawimbi yao zenyewe na kupokea mwangwi. Mawimbi hayo hupenya mawingu, hata usiku wa manane. Maji yaliyotulia huyaakisi upande wa pili kama kioo, mwangwi haurudi, na mahali penye mafuriko huonekana peusi. Mjadala ulikuwa mkali mwaka ule kuhusu mvua ya El Niño na Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 na lenye mitambo ya megawati 2,115. Wengine walililaumu bwawa, wengine wakasema ndilo lililopunguza makali ya maji. Haifai wananchi wanaoishi chini ya bwawa kusubiri kuambiwa. Mfululizo wa picha za rada na takwimu za mvua upo wazi kwa yeyote, na vijana wa Ikwiriri, Utete na Kibiti wakifundishwa kuusoma watakuwa na sauti nyingine kabisa kwenye mikutano ya kijiji.

Si lazima mambo yote yaanze na intaneti. Jaribio zuri kuliko yote linahitaji fimbo iliyonyooka, timazi ya fundi mwashi, rula na saa.

Kibiti iko karibu nyuzi 7.7 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: siku za mwisho za Februari, na tena tarehe 13 Oktoba hivi. Mnamo 13 Oktoba, saa 6 na dakika 10 mchana, fimbo iliyosimamishwa wima mjini Kibiti haitakuwa na kivuli. Watoto hufurahi wakiona, na furaha hiyo ni mwanzo mzuri wa somo. Dakika hiyohiyo, fimbo ya mita moja iliyosimamishwa Tanga mjini itatoa kivuli cha karibu sentimita 5 kuelekea kaskazini. Mtwara, ambako adhuhuri hufika dakika chache kabla, kivuli kitaelekea kusini. Dunia ingekuwa bapa na jua likiwa mbali kama lilivyo, vivuli vyote vingelingana.

Shule moja ya Kibiti ikishirikiana na moja ya Tanga, hesabu inayofuata ni ile aliyoifanya Eratosthenes huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kivuli cha sentimita 4.7 kwa fimbo ya mita moja ni pembe ya nyuzi 2.7 hivi. Tanga iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Kibiti, umbali wa kilomita 295 kwa mstari ulionyooka. Nyuzi 360 zikigawanywa kwa 2.7 na kuzidishwa kwa 295, jibu ni kama kilomita 39,000. Mzingo halisi wa dunia unakaribia 40,000. Watoto wa shule mbili za serikali wamepima sayari kwa fimbo! Kosa la milimita 2 kwenye kivuli hubadilisha jibu kwa zaidi ya kilomita elfu, na hapo mwalimu anapata nafasi ya kufundisha jambo ambalo vitabu hulipita haraka: namna ya kupima kwa uangalifu, kurudia, na kutafuta wastani. Fimbo ya mita 3 hupunguza kosa.

Usiku nao una mtaala wake. Kutoka latitudo hii anga zote mbili zinaonekana, Msalaba wa Kusini upande mmoja na nyota za Dubu Mkubwa upande wa pili, ila Nyota ya Kaskazini yenyewe haichomozi kamwe. Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na elimu yao ya falaki muda mrefu kabla ya shule: walihesabu siku kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, walijua kuja kwa kaskazi na kusi, na walikitazama Kilimia kujua majira ya kulima. Wazee wenye maarifa hayo bado wapo. Mwalimu akimwalika mmoja wao shuleni jioni moja, kisha akawaonyesha wanafunzi Kilimia hichohicho kwa darubini ndogo ya mkononi na kuwaambia kwamba ni kundi la nyota changa mamia kadhaa, lililo mbali kiasi cha mwanga kusafiri miaka 440 hivi kutufikia, elimu mbili zinakutana bila moja kuidharau nyingine. Darubini hiyohiyo, ikiegemezwa vizuri, inaonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii, na wanafunzi wakiichora usiku baada ya usiku wataona inavyohama.

Kuna hata jina la kwetu huko juu. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliipa kila nchi nafasi ya kuipa jina nyota moja na sayari yake. Tanzania ilipewa nyota iitwayo WASP-71, katika kundi la Nyangumi. Nyota sasa ni Mpingo, na sayari inayoizunguka ni Tanzanite. Mti wa mpingo unamea katika misitu ya Rufiji na Kilwa, kwa hiyo mfano wake hauko mbali.

Afrika Mashariki imekuwa na nafasi katika safari za anga tangu mwanzo, ingawa mara nyingi kama eneo la kuazimwa. Wamarekani walipojiandaa kumpeleka binadamu kuizunguka dunia kwa mpango wa Mercury, walihitaji vituo vya kuwasiliana na chombo kila kinapopita. Kimoja kilijengwa Unguja, upande wa Tunguu, baada ya makubaliano ya mwaka 1960. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa kwenye mnyororo wa masikio yaliyomfuatilia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo kikafungwa na kazi ikahamishiwa Madagaska. Huko Malindi, Waitalia waliweka jukwaa la San Marco baharini, na kuanzia Aprili 1967 wakarusha setilaiti kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, jukwaa hilo lilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina la Uhuru. Kila mwanafunzi wa astronomia duniani hukutana na neno hilo la Kiswahili kwenye vitabu vyake.

Majirani wamekwisha kuvuka kutoka kuazimisha ardhi hadi kutengeneza vyombo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata nafasi kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani, na mwezi Mei 2018 setilaiti yake ndogo, 1KUNS-PF, ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1. Uganda iliwapeleka vijana watatu, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu huko Japani, na walichokijenga, PearlAfricaSat-1, kiliruka Novemba 2022. Wote watatu walijifunza kwa kuifanya kazi yenyewe, na huo ndio ujuzi unaobaki nchini. Aprili 2025 Umoja wa Afrika ulizindua Shirika la Anga la Afrika jijini Cairo.

Kwa shule ya kawaida, milango iliyo wazi leo ni mingi kuliko inavyodhaniwa, na baadhi haidai hata shilingi. GLOBE, mpango unaofadhiliwa na NASA ulioanza kazi mwaka 1995 na ambao Tanzania ni mwanachama, huwapa wanafunzi kazi ya kupima mawingu, mvua, udongo na maji. Picha ya wingu iliyopigwa kwa simu hulinganishwa na kile ambacho setilaiti iliona saa ileile, na takwimu za mtoto hutumiwa na wanasayansi. Kwa delta, ambako vituo vya hali ya hewa ni vichache, kipimo cha mvua cha shule kina thamani isiyo ya kuigiza. International Astronomical Search Collaboration hutuma kwa shule picha za darubini kubwa ya Hawaii ili wanafunzi watafute sayari ndogo ambazo bado hazijulikani. Inahitaji kompyuta na uvumilivu. Vituo vya redio vya ridhaa hupanga mazungumzo kati ya shule na wanaanga walio kwenye Kituo cha Kimataifa. Kila Oktoba NASA huendesha shindano la Space Apps, ambamo timu hupewa siku mbili kutafuta ufumbuzi kwa kutumia takwimu za anga, na anayeshindwa kusafiri hushiriki kwa mtandao. Tarehe 4 hadi 10 ya mwezi huohuo ni Wiki ya Anga Duniani, siku chache kabla kivuli hakijatoweka Kibiti.

Vikwazo vipo, na ni vya kweli. Walimu wa sayansi ni wachache, hasa shule za visiwani ambako kufika kwenyewe ni safari ya maji. Vifaa vingi vya kujifunzia vimeandikwa kwa Kiingereza. Bando ni ghali kwa mshahara wa mwalimu. Lakini njia za kuzunguka zipo. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu, na kishikwambi kimoja kinatosha kufungua ukurasa wa Copernicus wenye picha za Sentinel, au Google Earth. Kuipakua picha nzima ya Sentinel-2 kunakula mamia ya megabaiti. Kuitazama tu na kuhifadhi kipande cha kata moja kunakula kidogo sana. Mwalimu anaweza kufanya hivyo akiwa Kibiti mjini, akachapisha nakala kwenye karatasi, akapanda boti na darasa lake zima ndani ya bahasha. Jiografia ya sekondari tayari ina mada za mfumo wa jua, kusoma ramani na kutafsiri picha. Hakuna haja ya kusubiri somo jipya.

Tanzania inao watu waliobeba kazi hii kwa miaka mingi. Dkt. Noorali Jiwaji, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Huria, ameandika magazetini kuhusu anga la usiku na kuwaonyesha wananchi nyota kwa darubini. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete, umati ulikusanyika Rujewa, Mbarali, wanafunzi wakiwa na miwani maalumu, wakaona pete ya moto mchana. Kenya, Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope hubeba darubini kutoka shule hadi shule. Zanzibar, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walishiriki kupiga ramani ya visiwa vyote kwa ndege zisizo na rubani katika mradi ulioanza mwaka 2016, na Dar es Salaam wanafunzi wa vyuo walichora mitaa inayofurika kupitia Ramani Huria. Kijana wa delta anayetaka kuifanya kazi hii kuwa maisha yake ana pa kwenda: Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa Kigoma, na baadaye mafunzo ya kituo cha kikanda cha ramani cha RCMRD, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975.

Kinachokosekana Kibiti ni kiungo. Halmashauri ikimteua mwalimu mmoja kuratibu klabu za anga, vyuo vikituma wanafunzi wao wa mafunzo kwa vitendo kwenye delta badala ya kuwarundika mijini, na Wakala wa Misitu ukifungulia shule picha na ramani zake, kazi itaanza kwa gharama ndogo kuliko ya semina moja ya hotelini.

Tarehe za kupatwa kwa jua zimekwisha kupangwa na mwezi. Mchana wa 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita Misri, Saudi Arabia na Yemeni hadi ncha ya Somalia, na Tanzania itaona sehemu ya jua ikifunikwa. Asubuhi ya 21 Mei 2031 jua litapatwa kipete tena, na njia ya pete itakatiza ardhi ya Tanzania yenyewe. Walimu wa Kibiti na delta nzima, agizeni miwani salama mapema, maana jua lililopatwa hupofusha likitazamwa kwa jicho tupu au kwa miwani ya kawaida. Undeni klabu mwaka huu, tafuteni shule rafiki Tanga au Mtwara, na mnamo Oktoba simamisheni fimbo uwanjani na mpime.